Wageni wa Majira ya Baridi: Somo la Ndege Katika Ua wa Nyumbani

Masomo ya kusomwa kwanza: Zaburi 104:10-23, Yeremia 8:4-7, Mathayo 6:25-34, Luka 12:4-7.

Katika somo la mwezi huu tutajifunza juu ya wageni wanaofika katika nyua zetu kila mwaka bila kupiga hodi, wakakaa miezi mitano au sita, kisha wakaondoka bila kuaga. Wengi wetu tumeishi nao tangu utoto wala hatukujua kuwa ni wageni. Ni ndege wadogo wanaotoka Ulaya na Urusi kunapoingia majira ya baridi. Huanza kuonekana karibu na Sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote, yaani tarehe 29 Septemba, na wengi wao huwa wameondoka Pasaka ikiisha kupita.

Bwana wetu alipowafundisha wanafunzi wake juu ya kujisumbua kwa ajili ya chakula na mavazi, aliwaambia wawatazame ndege. Jambo hili twalisoma upesi, kana kwamba ni mfano tu wa kupamba mahubiri. Lakini ni agizo. Mwalimu anapomwambia mtoto "tazama", hataki ageuze macho tu, bali atulie, aone, na ajifunze. Basi na sisi tutii agizo hilo, tuanzie pale tulipo, katika ua wa nyumba.

1. Kwa nini wanakuja?

Huku kwetu Tanga twayajua majira kwa pepo na mvua. Kusi huvuma tangu Aprili, kisha kipupwe hupita, vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, na kaskazi hushika kuelekea mwisho wa mwaka. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalifuata kalenda hiyo kwa karne nyingi: yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi. Ndege hawa nao wana kalenda iliyo karibu sana na hiyo.

Kule kaskazini ya dunia mambo ni mengine. Mwezi wa Desemba jua la London huonekana kwa muda wa saa nane tu hivi, na usiku huchukua saa kumi na sita. Ukienda kaskazini zaidi, mchana huwa mfupi kuliko huo. Ardhi huganda, maji ya madimbwi huwa barafu, na miti mingi hupukutisha majani yote. Wadudu hufa au hujificha.

Watu wengi hudhani kwamba ndege huikimbia baridi yenyewe. Sivyo hasa. Manyoya ni blanketi zuri. Kinachowahamisha ni njaa. Ndege anayekula mbegu au matunda aweza kubaki, ingawa kwa taabu. Uingereza wapo ndege wenye uzito wa gramu 11 hivi ambao hawahami kabisa. Usiku mmoja wa baridi kali waweza kuwapunguzia hata sehemu moja ya kumi ya uzito wao, na kukipambazuka hawana budi kupata chakula mara moja. Ndiyo maana watu wengi wa huko huwawekea mbegu na mafuta yaliyoganda katika bustani zao wakati wa baridi, wakakaa dirishani kuwatazama.

Lakini ndege asiyeweza kuishi bila wadudu hana la kungojea huko. Hufunga safari. Na wakati uleule anapokosa chakula kwao, huku kwetu vuli inaanza, kumbikumbi wanatoka ardhini, na miti inachipua. Meza ikiondolewa upande mmoja, huwa imekwisha kutandikwa upande wa pili.

2. Jinsi ya kuwatambua

Hatuna haja ya kuwajua wote kwa siku moja. Tuanze na watatu.

Wa kwanza ni mbayuwayu. Mgongo wake ni mweusi unaong'aa kwa rangi ya buluu, paji la uso na koo ni rangi ya matofali, kifuani ana mkanda wa rangi nyeusi, na tumbo ni jeupe. Hutua kwa wingi juu ya nyaya za umeme. Yuko jamaa mwingine anayefanana naye, mwenye mabawa membamba kama mundu, lakini huyo hatui juu ya waya kamwe. Tena wapo mbayuwayu wenyeji, wanaojenga viota vya udongo chini ya mapaa yetu na madaraja. Mgeni wetu hajengi kiota huku. Kiota chake kiko kwao, katika mazizi na nyumba za wakulima. Basi ukimwona mbayuwayu akibeba tope mdomoni katika ua wako, huyo ni mwenyeji.

Wa pili tutamwita mkamata-nzi, kwa kazi yake. Ni wa rangi ya kijivu iliyochanganyika na hudhurungi, na kifuani ana michirizi hafifu. Hana urembo wa kumfanya mtu asimame. Mtambue kwa tabia. Hukaa wima juu ya nguzo ya ua au tawi la chini, kimya. Mara huruka ghafla, humdaka mdudu hewani, na kurudi palepale alipokuwa au karibu yake. Ukimtazama kwa robo saa utaweza kuhesabu safari zake.

Wa tatu ni mdogo zaidi, na watu wengi humwita "kijidege" tu bila kumtofautisha na wenzake. Sisi tutamwita mpekua-majani. Juu ni rangi ya kijani iliyofifia, chini ni manjano hafifu, na juu ya jicho ana mstari mweupeupe. Hatulii hata kidogo: hupekua jani baada ya jani katika mwembe au mpera, akitafuta viwavi na wadudu wadogo. Uzito wake ni gramu 9 hivi. Chota vijiko viwili vidogo vya sukari ukavitie kiganjani. Huo ndio uzito wa msafiri huyu, na manyoya yake yamo.

Zaidi ya hao, mwezi wa Oktoba na tena Machi na Aprili, inua macho juu ya minazi. Huenda ukaona kundi la keremkerem wenye koo la manjano wakipita juu sana, wakiitana kwa sauti laini za kukokota. Hao mara nyingi huwa wako njiani tu, wala hawakai sana.

3. Jinsi watu walivyoijua safari yao

Kwa muda mrefu watu wa Ulaya hawakujua ndege hawa wanakwenda wapi. Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, aliandika kwamba baadhi ya mbayuwayu hujificha mashimoni wakati wa baridi, na mawazo ya namna hiyo yaliendelea kwa zaidi ya miaka elfu mbili.

Katika karne ya 18 alikuwapo kasisi mmoja wa Kianglikana, jina lake Gilbert White, aliyeishi katika kijiji cha Selborne huko Uingereza. Miaka mingi aliwatazama viumbe wa kijiji chake na kuandika tarehe ya kila alichokiona. Kitabu chake kilitolewa mwaka 1789. Ndiye aliyeonyesha kwa kusikiliza sauti tu kwamba wale vijidege wa kijani waliodhaniwa kuwa aina moja walikuwa aina tatu. Mpekua-majani wetu ni mmoja wa hao watatu. Lakini hata kasisi huyo hakupata kuwa na hakika kama mbayuwayu wote huondoka au baadhi yao hujificha.

Mwaka 1822, korongo mmoja alipatikana Ujerumani akiwa amechomwa mshale shingoni, na mshale ule ulikuwa wa Kiafrika. Ndege huyo alikuwa amesafiri kutoka huku hadi kule akiwa nao. Kisha Mei 1911, mbayuwayu mmoja alivishwa pete ndogo mguuni katika jimbo la Staffordshire, Uingereza. Tarehe 23 Desemba 1912, siku mbili kabla ya Krismasi, alipatikana katika nyumba ya shamba huko Natal, Afrika Kusini. Hapo mabishano ya karne nyingi yakapata jibu. Na hapa jirani, katika Mbuga ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, kazi ya kuwavisha ndege pete imefanyika mahali paitwapo Ngulia tangu mwaka 1969. Usiku wa ukungu katika Novemba na Desemba, wasafiri wengi hushuka huko kwa kufuata mwanga wa taa.

Mwaka 2018 wataalamu walitangaza habari za wapekua-majani waliofungwa chombo kidogo mno cha kuandika safari. Walikuwa wametoka mashariki ya mbali ya Urusi hadi pande zetu za Afrika, mwendo wa kilometa 13,000 hivi kwa safari moja. Kumbuka vile vijiko viwili vya sukari.

Jambo jingine la kutufurahisha sisi tusomao Biblia ni hili: nchi ya Palestina imo katika njia yao kuu. Nabii Yeremia aliposema kwamba korongo na mbayuwayu hujua majira ya kuja kwao, alisema jambo aliloliona kwa macho juu ya vilima vya Yuda. Ndege waliokuwa wakipita pale walikuwa wakienda Afrika au wakitoka Afrika. Alilitumia jambo hilo kuwaonya watu wake: ndege anaijua saa yake ya kurudi, lakini watu wa Mungu hawataki kurudi.

4. Baba huwalishaje?

Sasa tufike katika kiini cha somo. Bwana Yesu alisema kwamba Baba wa mbinguni huwalisha ndege. Je, huwalishaje? Hakuna aliyemwona malaika akiwagawia chakula. Tukitazama tutaona kwamba huwalisha kwa mvua ya vuli, kwa viwavi wa mwembe, kwa nzi wa zizini, kwa kumbikumbi wa jioni, na kwa ule uzio wa miti uliopandwa na bibi zetu. Yaani mkono wa Mungu unaowalisha hupitia katika nyua zetu.

Tena liko jambo ambalo wengi hawalijui. Manyoya huchakaa, kama nguo. Mbayuwayu, mkamata-nzi na mpekua-majani hubadili manyoya makubwa ya mabawa yao wakiwa huku Afrika. La zamani hudondoka, jipya huota polepole, hata bawa zima likawa jipya. Manyoya hayo hayaoti kwa hewa tu. Hutokana na chakula ndege anachokula. Kwa hiyo bawa litakalomrudisha kwao mwezi wa Aprili limetengenezwa kwa wadudu wa kwetu. Nguo ya safari imeshonwa katika ua wako na wangu.

Basi ukarimu au ukatili wa ua mmoja hauishii katika ua huo. Ndege akidhoofika huku, kiota kimoja huko kaskazini hubaki kitupu. Na kweli wengi wa wasafiri hawa wamepungua. Nchini Uingereza, wakamata-nzi wamepungua zaidi ya nane kati ya kila kumi waliokuwapo katika miaka ya 1960. Hatusemi kwamba kosa lote ni letu. Shida ziko kwao, ziko njiani, na ziko huku. Lakini tutaulizwa juu ya sehemu yetu, si juu ya sehemu ya wengine.

5. Yatupasayo kufanya

Kwanza, manati na ulimbo. Wageni hawa huwa wengi kwetu mwezi wa Desemba, wakati ambapo shule zimefungwa na vijana hawana kazi. Kijana huketi chini ya mwembe na manati yake, na jioni huwa na ndege sita katika kamba. Wazazi wapendwa, tuwafundishe bila matusi wala viboko. Tumwulize mtoto: huyu uliyemwangusha ametoka wapi? Mwonyeshe katika ramani. Mweleze juu ya uzito wake na safari yake. Hata akibanikwa hatoshi tonge moja. Mtoto aliyefundishwa kutazama ana sababu ya kuweka manati chini, na sababu hiyo ni yake mwenyewe.

Pili, sumu. Siku hizi karibu kila bustani ya mchicha na nyanya hupigwa dawa. Dawa inayoua kila mdudu humwondolea ndege chakula, na mdudu aliyekwisha kunyunyiziwa aweza kumdhuru ndege amlaye. Wanadamu nao hudhurika. Ikiwa hapana budi kutumia dawa, tusome maelezo ya kopo, tusizidishe kipimo, na tungoje siku zilizoandikwa kabla ya kuchuma. Palipo na viwavi wachache, waokote kwa mkono asubuhi, au mwachie mpekua-majani afanye kazi hiyo. Yeye hadai malipo.

Tatu, miti na uzio. Watu wengi wanaona kwamba ua safi ni ule uliofagiliwa hadi udongo ukabaki mtupu, kisha ukazungushiwa ukuta wa matofali. Usafi ni jambo jema, lakini tuache pembe moja yenye majani na kichaka kidogo mbali na mlango. Anayejenga ukuta na apande miti michache ndani yake.

Nne, maji. Kumwaga wali hakuwasaidii wageni hawa, kwa kuwa chakula chao ni wadudu. Maji yatawasaidia ndege wote, hasa Januari na Februari jua linapokuwa kali. Chukua kigae kipana au sahani ya udongo, tia maji yasiyozidi kina cha kidole gumba kilicholazwa, weka jiwe katikati la kusimamia, na uweke mahali ambapo paka hawezi kujificha karibu. Mwaga maji hayo kila siku na kusugua chombo, ili mbu wasizaliane na ugonjwa usienee. Katika bustani za Uingereza, tangu mwaka 2005 hivi, aina moja ya ndege wa kijani walao mbegu ilipungua sana kwa ugonjwa unaoambukizwa hasa pale wanapokusanyika kula na kunywa. Wema bila usafi waweza kuua.

Huenda mtu akasema, "Sisi wenyewe tuna shida za karo na za hospitali, mnatuletea habari za ndege?" Swali hilo ni la haki. Bwana alisema wazi kwamba sisi tu bora kuliko ndege wengi. Lakini hakusema kwamba ndege hawana thamani. Tufanye hesabu kama darasani. Katika Mathayo, sura ya 10, shomoro wawili waliuzwa kwa sarafu moja ndogo. Katika Luka, watano kwa sarafu mbili. Kwa bei ya kwanza, sarafu mbili zingenunua wanne. Wa tano, basi, ni nyongeza tu. Mwuzaji ametupia bure, wala hana bei. Na Bwana asema hata mmoja wao hasahauliwi mbele za Mungu. Basi hata yule wa nyongeza hasahauliwi. Mtu aonaye kwamba yeye ni wa nyongeza katika dunia hii, asiye na karo wala dawa, na asome hapo. Lakini tutaisadikije ahadi hiyo juu yetu, ikiwa sisi wenyewe twamwangusha huyo wa tano kwa jiwe kwa kujifurahisha tu?

6. Saa moja ya kutazama

Mwaka 1979 chama cha kulinda ndege nchini Uingereza kilianza kuwaomba watoto wahesabu ndege katika bustani za nyumbani kwa saa moja, mwishoni mwa Januari, katikati ya baridi. Kazi hiyo inaendelea mpaka sasa, na watu wazima wamejiunga, hata wakawa mamia ya maelfu. Twapendekeza nasi tufanye hivyo Jumamosi ya mwisho ya Januari, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa mbili.

Kaeni mahali pamoja, kimya. Katika daftari pigeni mistari minne: jina la ndege au sura yake; idadi; mahali alipokuwa; na alichokuwa akifanya. Katika idadi msijumlishe kila mara mnapomwona, maana ndege mmoja aweza kurudi mara kumi. Andikeni ile idadi kubwa iliyoonekana kwa wakati mmoja. Mkiona wakamata-nzi wawili pamoja, kisha mmoja, kisha mmoja, andikeni 2, wala si 4. Watoto wasiojua jina la ndege na wachore. Leteni daftari zenu katika shule ya Jumapili; mwakani tutalinganisha.

Maswali ya kujadiliana nyumbani au katika jumuiya

1. Yeremia alikuwa akiwalaumu watu kwa jambo gani alipowataja ndege wahamao? Je, lawama hiyo yatugusa?
2. Taja njia tatu ambazo Mungu hutumia kuwalisha ndege katika ua wako. Ni ipi kati ya hizo uliyoiharibu au uliyoitunza?
3. Soma Kumbukumbu la Torati 22:6-7. Kwa nini Sheria ilijali hata kiota cha njiani?
4. Waebrania 13:2 yatuhimiza kuwafadhili wageni. Twawezaje kuwafundisha watoto ukarimu kwa kuanzia kwa wageni wadogo hawa?

Sala

Ee Mungu Baba, umwongozaye mbayuwayu katika njia isiyo na alama, utupe macho ya kuona kazi ya mikono yako, na moyo wa kuitunza meza uliyowaandalia viumbe wako. Ili sisi tulio wasafiri duniani tuijue saa yetu ya kurudi kwako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.